Mtoto wa mama mfua nguo aliyetufundisha kuchagua chachu

 

Bamama wanaopika kibuku nyumbani wanajua uchungu huu. Umenunua unga wa mahindi, umelipa makala, umenunua mayi kwa bidon. Umeamka saa kumi ya usiku, umekoroga, umengoja siku mbili tatu. Kisha unafungua chungu na harufu inakurudisha nyuma. Pombe imeharibika. Wiki iliyopita ilitoka muzuri, na unga ni ule ule, mikono ni ile ile. Pesa ya minervale ya batoto ilikuwa ndani ya chungu kile. Hapo maneno yanaanza. Mmoja anasema jirani ana jicho baya, mwingine anasema kuna mutu alipita usiku. Tumeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika juu ya chungu moja.

Leo tunawapa maisha ya Emil Christian Hansen, mutu wa Denmark aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ni yeye aliyeonyesha kwa nini pombe njema inageuka mbaya, na jinsi ya kuchagua chachu, ile ambayo kwenye soko banaita levire. Jina lake halitajwi sana huku kwetu, lakini kazi yake imefika mpaka kwenye chupa mnazofungua siku ya mshahara.

Hansen alizaliwa tarehe 8 Mei 1842 katika Ribe, mji mdogo na wa zamani sana wa Denmark. Nyumba yao haikuwa na kitu. Baba yake alikuwa mpaka rangi, tena aliwahi kuwa askari katika jeshi la kigeni la Ufaransa. Mama yake alifua nguo za watu. Mtoto wa nyumba ya namna hiyo hakutazamiwa kufika chuo kikuu. Alitazamiwa kushika burashi ya baba yake, na kweli aliishika. Alijifunza kupaka rangi nyumba na akafanya kazi hiyo kwa mikono yake.

Lakini moyo wake haukutulia. Alitamani mambo ya sanaa na mlango haukufunguka. Akageuka mwalimu, akafundisha batoto wa watu wenye mali kule shambani. Huko alikutana na mwalimu mmoja wa kijiji aliyependa mimea na kuichunguza kwa makini, naye akamfungua macho. Hansen akaanza kusoma usiku, baada ya kazi. Wengi wenu mnaijua hali hiyo: kurudi na mgongo unauma, kisha kufungua kitabu mbele ya taa ndogo. Alikaribia miaka 30 alipoingia Chuo Kikuu cha Copenhagen, na wenzake darasani walikuwa vijana wadogo kwake.

Ili kupata chakula aliandika na kutafsiri. Mwaka 1876 yeye na mwenzake Alfred Jørgensen walitoa kwa lugha ya Denmark kitabu cha Charles Darwin juu ya safari yake ya kuzunguka dunia kwa meli Beagle. Mwaka ule ule chuo kikuu kilimpa medali ya dhahabu. Msicheke, wasomaji: medali hiyo aliipata kwa kuchunguza uyoga mdogo unaoota juu ya mavi ya wanyama. Wengine walipita wakiziba pua, yeye aliinama na kutazama. Tabia hiyo ya kuinama pale wengine wanapopita njo ilimfungulia njia.

Sasa tutoke kidogo kwa Hansen, tuone mutu wa pili. Jina lake J. C. Jacobsen, tajiri mtengeneza pombe wa Copenhagen. Mwaka 1845 alisafiri mpaka Munich, Ujerumani, akapewa chachu katika kiwanda cha Spaten. Ilikuwa chachu ya namna ya pekee: inafanya kazi kwenye baridi, polepole, na mwisho inashuka chini ya pipa na kuiacha pombe ikiwa safi. Safari ya kurudi ilikuwa ndefu, kwa gari la farasi. Jacobsen aliibeba chachu ndani ya makopo ya bati, na kila waliposimama aliyamwagia mayi baridi ili isife. Miaka miwili baadaye, 1847, alifungua kiwanda chake juu ya kilima. Akakiita Carlsberg, yaani kilima cha Carl, jina la mtoto wake.

Jacobsen aliamini kwamba kazi ya pombe haiwezi kwenda kwa kubahatisha. Mwaka 1875 akaanzisha laboratwari karibu na kiwanda, na akaiwekea sheria moja iliyowashangaza matajiri wenzake: jambo lolote lenye faida litakalovumbuliwa humo lisifichwe, litolewe kwa watu wote. Mtaona mbele uzito wa sheria hiyo.

Hansen alianza kuchunguza pombe ya Carlsberg mwishoni mwa miaka ya 1870. Mwaka 1879 akapewa kuongoza upande wa laboratwari unaochunguza viumbe hai, na mwaka huo huo akapata udaktari kwa kazi yake juu ya vijidudu vilivyomo ndani ya pombe. Mtoto wa mama mfua nguo alikuwa na miaka 37.

Hapa inafaa tueleze chachu ni kintu gani. Chachu ni viumbe hai vidogo sana, hata jicho haliwezi kuona kimoja kimoja. Vinakula sukari iliyomo ndani ya mayi ya nafaka, na vinaacha alkoli na gesi. Gesi njo ile povu. Mfaransa Louis Pasteur, ambaye jina lake mnaliona kwenye maziwa ya pakiti, alikwisha kuonyesha hayo, na mwaka 1876 alitoa kitabu kizima juu ya pombe. Alifundisha kwamba pombe inaugua kwa sababu bakteria wameingia. Maneno hayo ni ya kweli, na watu wote waliyashika.

Lakini Hansen aliona kitu ambacho Pasteur hakukifikia. Miaka ya kwanza ya 1880 alikuwa akifuatilia chachu moja ndogo ya porini, kwenye bustani za matunda. Aliikuta wakati wa joto juu ya matunda yaliyoiva. Wakati wa baridi matunda hayapo, nayo inakaa wapi? Akachimba, akaikuta ndani ya udongo. Inangoja humo mpaka matunda yaive tena, kisha upepo, mvua na wadudu vinairudisha juu. Basi chachu za porini ziko kila fasi: juu ya maganda ya embe, katika vumbi la njia, juu ya mbawa za nzi. Zinaingia ndani ya chungu bila hodi.

Na kisha shida ikafika nyumbani. Pombe ya kiwanda cha Carlsberg cha zamani iliugua. Ikatoka chungu, na harufu mbaya. Kiwanda kikubwa, chenye mayi safi na wafanyakazi hodari, kilikuwa na uchungu ule ule wa mama wa Kasungami mbele ya chungu chake. Hansen akachunguza na akasema jambo lililowashtua wengi: ugonjwa umo ndani ya chachu yenyewe. Ile chachu ya Munich, iliyopita kutoka pipa hadi pipa miaka karibu 40, haikuwa tena chachu moja. Ilikuwa mchanganyiko. Chachu njema ilikuwamo, na chachu za porini zilikuwamo pamoja nayo. Zile za porini njo zilileta uchungu na kuichafua pombe.

Ugumu ulikuwa hapa: ukizitazama kwa mikroskope, zinafanana. Ninyi wachimbaji mnaelewa haraka. Mawe mawili meusi yanaweza kufanana mkononi, moja likawa na kobalti ya kulipa deni lako lote, lingine likawa jiwe bure. Sura haitoshi, lazima upime. Hansen naye alizipima chachu zake kwa kazi. Alizinyima chakula juu ya plasta yenye unyevu, akahesabu kila moja inachukua saa ngapi kutoa mbegu zake ndogo, kwa joto gani. Hapo tofauti zikaonekana wazi. Hata dawa aliyoshauri Pasteur ya kusafisha chachu kwa asidi, Hansen alionyesha kwamba inaweza kuzipa nguvu zile za porini badala ya kuziua.

Sasa, unatengaje kiumbe kimoja ambacho hukioni? Alifanya hivi. Alichukua chachu kidogo, akaichanganya na mayi mengi safi, kisha mayi mengine juu yake, mpaka chachu zikawa chache kabisa ndani yake. Alihesabu mpaka akajua kwamba, kwa wastani, kila matone mawili yana chachu moja tu. Akaweka tone moja ndani ya kila chupa yenye mayi matamu ya nafaka yaliyochemshwa. Chupa nyingine zilibaki bila kitu. Katika nyingine, baada ya siku kadhaa, kulionekana doa moja jeupe chini. Doa moja maana yake mzazi mmoja, na ukoo wote wa chupa ile umetoka kwa chachu moja. Baadaye aliongeza njia nyingine ya kuhakikisha: aliiweka chachu ndani ya jeli juu ya kioo, akaichagua moja kwa mikroskope, akatia alama mahali ilipo, akaitazama ikizaa mbele ya macho yake.

Kwa kazi hiyo alipata chachu kadhaa, kila moja peke yake, safi. Akatengeneza pombe na kila moja. Moja ilitoa pombe njema kuliko nyingine, akaiita namba 1 ya Carlsberg. Jacobsen hakuamini haraka. Mzee alikuwa ameikuza chachu yake kwa mkono tangu yale makopo ya bati, na sasa kijana anamwambia kwamba ndani yake mna wageni. Lakini alikubali kujaribu. Tarehe 12 Novemba 1883 kiwanda kilitia chachu hiyo moja, iliyotoka kwa mzazi mmoja, katika pombe ya kuuza. Ugonjwa ukaondoka. Baadaye Hansen na mkuu wa kiwanda, Kühle, walitengeneza mashine ya kuikuza chachu safi kwa wingi bila hewa chafu kuigusa.

Na hapa sheria ya Jacobsen ikafanya kazi. Mutu mwingine angeifungia chachu ile ndani ya sanduku la chuma na kuuza kila kijiko kwa dhahabu. Jacobsen alikataa kuifanya siri. Njia ya Hansen ilichapishwa, na chachu ilitolewa kwa viwanda vingine, hata vya washindani. Ilienea Ulaya, ikavuka bahari. Leo pombe nyepesi za rangi ya dhahabu zinazonywewa zaidi duniani zinatengenezwa na chachu za ukoo huo wa baridi, kwa njia ya kutenga aliyoifundisha Hansen.

Tusifikiri kwamba wote walimpigia makofi. Watengeneza pombe wengi wa Uingereza walikataa. Walisema kwamba pombe zao nzito, zinazokaa miezi ndani ya mapipa, hazipati ladha yake kwa chachu moja tu. Wengine waliwacheka kama wakaidi. Kumbe walikuwa na sehemu ya ukweli. Mwaka 1904 mtaalamu mwingine wa Carlsberg, Claussen, alionyesha kwamba pombe zile za Uingereza zinahitaji chachu ya pili, ya namna nyingine kabisa, inayofanya kazi polepole baada ya ile ya kwanza. Ile chachu ambayo ni adui katika chungu kimoja ni rafiki katika chungu kingine.

Jambo hili linatugusa sisi wa munkoyo. Mizizi ya munkoyo tunayoitia ndani ya uji wa mahindi haiongezi harufu peke yake. Ina nguvu ya kuuvunja uji mzito na kuufanya mwepesi na mtamu, na vijidudu vinavyoletwa na mizizi na kibuyu vinauchachusha. Humo mna chachu na mna bakteria wa uchachu, wanafanya kazi pamoja, na uchachu ule ule unawazuia wabaya wengi. Ukitaka munkoyo ya chachu moja tu, utapata kinywaji kingine. Basi Hansen hakutufundisha kwamba kila chungu kiwe na chachu moja. Alitufundisha kujua ndani ya chungu chako mna nini, na kuchagua kwa kupima, si kwa kubahatisha.

Hansen aliendelea na laboratwari ile mpaka mwisho. Mwaka 1908 aliipa chachu yake jina la kitaalamu, Saccharomyces carlsbergensis. Siku hizi wataalamu wanaiweka chini ya jina la Saccharomyces pastorianus, linalomheshimu Pasteur. Tena mwaka 2011 walitangaza kwamba chachu hii ni chotara: mzazi mmoja ni chachu ya kawaida ya mkate na pombe, na jamaa wa yule mzazi wa pili amekutwa kwenye miti ya Patagonia, kule chini kabisa Amerika ya Kusini. Hansen angefurahi kusikia, yeye aliyeitafuta chachu mpaka ndani ya udongo.

Alikufa tarehe 27 Agosti 1909 katika Hornbæk, akiwa na miaka 67. Mali aliyoiacha iliwekwa ili itoe tuzo kwa wachunguzi wa viumbe vidogo. Na mwaka ule ule, katika laboratwari ile ile, upande wa kemia, Sørensen alitoa kipimo cha pH. Ninyi mnaofanya kazi kwenye viwanda vya kuyeyusha shaba kwa asidi mnasoma pH kila poste. Basi mjue kwamba namba ile inayoonyesha kama tanki liko sawa ilizaliwa katika nyumba ya watengeneza pombe.

Tumalize na mambo ya nyumbani, maana maisha ya mutu yanasomwa ili yasaidie.

Kwa yule anayetaka kupika pombe ya nafaka na kuchagua chachu yake, jambo la kwanza ni hali ya hewa yetu. Chachu ya ukoo wa Hansen inapenda baridi ya nyuzi 8 mpaka 13. Usiku wa Juni na Julai Lubumbashi inaweza kufika huko, lakini mwezi wa kumi haiwezekani bila frigo. Chachu za joto la kadiri, nyuzi 18 mpaka 22, zinafaa zaidi nyumba zetu. Chachu ya mkate inafanya kazi pia, lakini ilichaguliwa kwa kuumua unga, si kwa kutulia chini. Pombe yake mara nyingi inabaki na ukungu na harufu ya mkate.

La pili, fanya jaribio la Hansen kwa udogo. Gawanya mayi yako matamu katika vyungu viwili, tia chachu hii hapa na ile pale, funika, ngoja. Onja, kisha andika katika kayee ya mtoto tarehe, joto na ladha. Ile iliyoshinda, hifadhi masimbi yake safi kwa chungu kinachofuata, usiyachanganye na ya chungu kilichoharibika. Ukirudia mara nyingi na ladha ikianza kubadilika, wageni wamekwisha kuingia: mwaga, anza upya.

La tatu, chemsha mayi matamu, yaache yapoe ukiwa umefunika, kisha njo utie chachu. Ukiitia kwenye moto inakufa. Osha vyombo kwa mayi yaliyochemka. Na bidon au pipa lililobeba asidi au dawa za kiwanda lisiingie jikoni hata mara moja. Kuliosha hakutoshi, na hapo tunazungumza uhai wa batoto.

La mwisho ni kwa majirani. Hansen alikuta sababu ya pombe mbaya ndani ya chachu na ndani ya vumbi, hakuikuta ndani ya moyo wa jirani. Mama ambaye chungu chake kimeharibika anahitaji masimbi safi kutoka kwa mwenzake aliyefaulu. Mwenzake akimpa kikombe kimoja, atakuwa amefuata sheria ya mzee Jacobsen, na minervale ya batoto wa nyumba mbili italipwa. Sisi tunasema: mpeni.